Kishikwambi cha darasa la kwanza kinapogoma: dalili, sababu na la kufanya

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa darasa la kwanza au la pili aliyekabidhiwa vishikwambi vyenye programu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, akaambiwa aanze Jumatatu. Ni wa yule mwalimu mwingine pia, ambaye shule nzima humwita "mtu wa kompyuta" kwa sababu tu aliwahi kurekebisha printa. Umepangwa kwa dalili. Tafuta kile unachokiona kwenye kioo, anza na sababu ya juu, kisha shuka. Sababu ya juu ndiyo inayotokea mara nyingi. Ya chini kabisa ni nadra, ingawa ndiyo watu hupenda kuikimbilia.

Vishikwambi vinavyozungumziwa ni vya Android, na shule inayofikiriwa haina intaneti ya uhakika. Majina ya menyu ni yale yanayotokea ukiweka lugha ya Kiswahili. Kampuni nyingine hubadilisha neno moja au mawili, na hata Android yenyewe huhamisha vitu toleo kwa toleo, kwa hiyo usipoona neno nililotaja tumia kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio.

Kabla ya dalili yoyote: zima kishikwambi kabisa na ukiwashe tena, angalia kama tarehe na saa ni sahihi, angalia nafasi iliyobaki kwenye Hifadhi. Malalamiko mengi huishia hapo. Programu yenyewe hulaumiwa sana, lakini mara nyingi kilichoharibika ni kitu kilichoizunguka: umeme, saa, nafasi, waya.

Na usisakinishe kwenye vishikwambi vyote kwa mkupuo. Andaa kimoja, mpe mtoto mmoja akitumie kipindi kizima, wewe kaa pembeni bila kumsaidia. Utakachokiona hapo ndicho utakachokutana nacho mara arobaini ukiharakisha.

Dalili: "Programu haijasakinishwa"

Sababu ya kwanza ni nafasi. Programu nyingi za watoto zimejaa sauti na picha, na faili la kusakinisha la megabaiti 500 huhitaji zaidi ya hizo, kwa sababu kwa muda fulani kifaa kinabeba faili lenyewe na kile kinachotolewa ndani yake. Kishikwambi cha GB 8, baada ya Android yenyewe kuchukua sehemu yake, hubaki na nafasi ndogo mno. Futa video na picha zilizobaki kutoka kwa mtumiaji wa awali, kisha jaribu tena.

Ya pili: faili limekatika njiani. Hili hutokea zaidi pale faili linapopitishwa kwa Bluetooth, au flashi inapochomolewa kabla kunakili hakujaisha. Linganisha ukubwa wa faili kwenye kishikwambi na ukubwa wake kwenye kompyuta ulikolitoa. Zikitofautiana hata kidogo, nakili upya. Ujumbe unaosema kuna tatizo la kuchanganua kifurushi mara nyingi unamaanisha hivi.

Ya tatu: hujatoa ruhusa. Tangu Android 8 ruhusa ya kusakinisha kutoka nje ya Play Store hutolewa kwa programu moja moja. Ukifungulia faili kutoka kwenye kidhibiti cha faili, basi kidhibiti hicho ndicho kinachohitaji ruhusa. Ukimaliza kazi, iondoe.

Ya nne: kuna toleo la zamani la programu hiyohiyo lililotoka chanzo kingine. Android hukagua saini ya mtengenezaji, na saini mbili zisipofanana inakataa bila kueleza vizuri. Dawa ni kuliondoa la zamani, lakini subiri: ukiliondoa, maendeleo ya wanafunzi yaliyohifadhiwa ndani yake huenda nalo. Soma kwanza sehemu ya maendeleo kupotea, huko chini.

Ya tano inawashangaza wengi: kishikwambi ni kipya mno. Android 14 hukataa kusakinisha programu zilizoundwa kwa ajili ya matoleo ya kabla ya Android 6, kwa sababu za usalama. Kinyume chake pia hutokea: programu mpya kwenye Android ya zamani, au programu ya biti 64 kwenye kifaa cha biti 32. Hapa huna la kurekebisha. Tafuta toleo jingine kwa mtengenezaji mwenyewe, au badilisha programu.

Hili linahitaji nafasi kidogo, maana programu kadhaa za Kiswahili zinazosambazwa bure kwa ajili ya madarasa ya awali zina asili moja. Shindano la Global Learning XPRIZE, la kutengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, lilijaribiwa mkoani Tanga kwa miezi 15 katika vijiji takriban 170, na mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya onebillion na Kitkit School. Programu zile zilitengenezwa zifanye kazi bila intaneti, tena kwa Kiswahili, na kazi za washindani ziliwekwa wazi kwa mtu yeyote kuzitumia. Ni hazina. Lakini zilijaribiwa kwenye Pixel C, kifaa cha inchi 10.2 chenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 3. Ukichukua matoleo ya wakati ule na kuyaweka kwenye kishikwambi cha inchi 7 chenye RAM ya GB 1 kilichonunuliwa dukani kwa bei rahisi, usitarajie mwendo uleule. Na ukiyaweka kwenye kifaa cha mwaka huu, tarajia kukataliwa kwa baadhi.

Acha hapa ikiwa faili limetoka kwenye tovuti usiyoijua, au Play Protect, kikagua usalama cha Google kilichomo kwenye kifaa, inakuonya kwamba programu ina madhara. Hiki ni kifaa cha mtoto wa miaka saba. Usibonyeze "sakinisha hata hivyo" kwa sababu kengele ya kipindi imekaribia.

Dalili: inafunguka, kisha inajifunga au kioo kinabaki cheupe

Angalia kwanza kama maudhui yamekamilika. Programu nyingi zina sehemu mbili: programu yenyewe, ambayo ni ndogo, na mzigo wa masomo unaopakuliwa mara ya kwanza unapoifungua. Mtu akisakinisha mjini, akazima bila kuifungua, kisha akavipeleka vishikwambi kijijini, programu itatafuta mzigo wake na isiupate. Nyingine husema "inapakia" milele, nyingine hujifunga kimya. Vipeleke kwenye intaneti, fungua programu, ingia kwenye somo la kwanza, la katikati na la mwisho, halafu washa hali ya ndegeni na ujaribu masomo yaleyale tena. Kipimo hicho cha hali ya ndegeni kifanywe kabla ya kifaa chochote kuondoka mjini.

Kama maudhui yako kwenye kadi ya kumbukumbu, ishuku kadi. Kadi inayodai GB 512 kwa bei ya soda mbili haina GB 512. Hupokea mafaili bila kulalamika, kisha huandika mapya juu ya ya zamani. Programu kama H2testw kwenye Windows huonyesha ukubwa halisi. Kumbuka pia kwamba kadi iliyoumbizwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4.

Sababu inayofuata ni RAM. Funga programu nyingine, ondoa picha zinazojongea kwenye skrini ya mwanzo, zima masasisho ya kiotomatiki ya Play Store. Kwenye kifaa cha GB 1 nafuu ni ndogo, lakini ipo.

Kioo cheupe kitupu, hasa kwa programu zinazoendeshwa kama ukurasa wa tovuti, mara nyingi husababishwa na WebView ya Android (sehemu inayoonyesha kurasa za tovuti ndani ya programu) iliyopitwa na wakati. Isasishe kupitia Play Store, pamoja na Chrome.

Bado? Ingia Mipangilio, Programu, chagua programu hiyo, kisha Hifadhi na akiba. Utaona vitufe viwili vinavyofanana kama mapacha. "Futa akiba" ni salama. Kibonyeze bila woga. "Futa data", au "futa hifadhi" kwenye matoleo mengine, hufuta majina, ngazi na kazi zote za watoto kwenye kifaa hicho. Hakuna kurudi nyuma. Usikiguse mpaka uwe umeandika pembeni kila mtoto yuko ngazi gani.

Dalili: bando lipo, programu inasema hakuna muunganisho, au muunganisho si salama

Ni saa. Betri ikiisha kabisa na kifaa kikakaa kabatini likizo nzima, saa inaweza kurudi miaka kadhaa nyuma. Tovuti na seva hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kifaa kinachodhani tupo mwaka 2015 hukiona cheti cha leo kuwa batili na kukataa kuzungumza na seva.

Nenda Mipangilio, Mfumo, Tarehe na saa. Kuweka kiotomatiki hakusaidii kama kifaa hakina laini wala intaneti, kwa hiyo weka kwa mkono: mwaka kwanza, kisha siku, kisha saa, na saa za eneo ziwe za Afrika Mashariki, yaani GMT+3. Kuna mtego hapa ambao watengenezaji hawakuufikiria. Saa mbili asubuhi ni 08:00, si 02:00. Mwalimu aliyeambiwa "weka saa mbili" anaweka mbili, na ripoti za programu zinaonyesha watoto wanasoma usiku wa manane.

Tarehe ikiwa sahihi na tatizo likabaki, jaribu simu yako kwenye mtandao huohuo. Ikikwama nayo, tatizo ni mtandao. Ikipita, angalia kama programu imezuiwa kutumia data chinichini au kama Kiokoa Data kimewashwa.

Dalili: hakuna sauti, au sauti si ya Kiswahili

Kwa mtoto ambaye bado hajui kusoma, programu isiyo na sauti ni picha tu. Shughulikia sauti kabla ya kitu kingine chochote.

Bonyeza kitufe cha kuongeza sauti *ukiwa ndani ya programu*. Android ina sauti kadhaa tofauti: ya mlio wa simu, ya kengele, ya maudhui. Ya kwako ni ya maudhui, na inaweza kuwa sifuri huku mlio ukiwa juu kabisa. Kisha angalia Bluetooth. Spika ya ofisini iliyowahi kuunganishwa inaweza kuwa inanguruma masomo ya darasa la kwanza kwenye chumba cha walimu. Kisha tundu la hedifoni: chomeka na uchomoe mara mbili tatu, maana pini ikilegea kifaa hudhani hedifoni bado ipo. Mwisho spika yenyewe. Vumbi la chaki huingia kwenye vitundu vidogo na kukaa. Tumia brashi laini ya mswaki mkavu, usitumie pini wala sindano, na usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji.

Sauti inayosoma "kikombe" kama mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi ile ina sababu nyingine. Programu fulani hazina sauti zilizorekodiwa. Zinategemea kisomaji cha kifaa chenyewe. Kama kifaa hakina sauti ya Kiswahili, kinasoma maneno yetu kwa kanuni za Kiingereza. Tafuta kwenye Mipangilio sehemu ya kubadilisha maandishi kuwa sauti (huwa chini ya Lugha au Ufikivu), chagua huduma ya Google, kisha pakua data ya sauti ya Kiswahili ukiwa na intaneti. Hata hivyo, kwa kufundisha silabi mimi sikipendekezi kisomaji cha mashine hata kikiwa cha Kiswahili. Tofautisha "ng'" na "ng", au "dh" na "z", kwa sauti ya mtu halisi iliyorekodiwa. Ukiwa na uchaguzi kati ya programu mbili, hiki kiwe kigezo.

Darasa lenye vishikwambi ishirini vinavyotamka ba, be, bi, bo, bu kila kimoja kwa wakati wake halihitaji fundi, linahitaji hedifoni. Zisipopatikana, tumia vishikwambi vichache kwa zamu kwenye kona, wengine wakiandika. Na programu inayomtaka mtoto asome kwa sauti ili imsikilize itashindwa kwenye darasa hilo hata kama ruhusa ya maikrofoni imetolewa na kila kitu ni kizima.

Dalili: kioo hakisikii kidole, au kinajigusa chenyewe

Kabla ya kukilaumu kioo, tazama mkono mwingine wa mtoto. Watoto wadogo hushika kishikwambi kwa kidole gumba kilichopanda juu ya kioo, au hulaza kiganja wanapofuatisha herufi. Kioo kinaona miguso miwili na programu inachanganyikiwa. Kiweke kifaa mezani, kikae chenyewe.

Halafu futa kioo. Baada ya mapumziko vidole huwa na mafuta ya maandazi na utomvu wa embe. Kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kinatosha, kifaa kikiwa kimezimwa. Karatasi ya kinga iliyochanika au yenye mapovu ni ya kubandua.

Kioo kikijigusa chenyewe, herufi zikijichora bila mtu, chomoa chaja. Chaja duni hupeleka umeme wenye kelele, na kioo huusoma kama vidole. Kikitulia, tupa chaja hiyo. Kisipotulia, na hakuna unyevu wala ufa, hiyo ni kazi ya fundi wa vioo. Kioo chenye ufa kiondolewe darasani siku hiyohiyo hata kama bado kinafanya kazi. Vidole vya miaka saba hukatika kirahisi.

Dalili: watoto wanatoka nje ya programu

Watatoka. Ndani ya dakika chache mmoja atakuwa amegundua kamera, na darasa zima litapigwa picha.

Tumia Kubandika programu, yaani kukifungia kifaa kwenye programu moja: iwashe kwenye sehemu ya Usalama, weka sharti la PIN kabla ya kubandua, fungua programu ya masomo, kisha ibandike kutoka kwenye orodha ya programu za karibuni. Kubandika hufutika kifaa kikizimwa na kuwashwa, kwa hiyo ni kazi ya kila asubuhi. Toa laini ya simu ikiwemo, zima YouTube na kivinjari kwenye orodha ya programu, washa Usinisumbue ili matangazo ya masasisho yasidondoke katikati ya somo.

Shule yenye vifaa vingi inahitaji mfumo wa kusimamia vyote kutoka sehemu moja. Ni mzuri, lakini usiuweke shuleni kwa kubahatisha. Mwite mtu aliyewahi kuufunga.

Dalili: maendeleo ya mtoto yamepotea au yamechanganyika na ya mwingine

Hii ndiyo inayowavunja moyo walimu kuliko zote, na karibu kila mara chanzo ni mpangilio wa darasa.

Programu nyingi zisizohitaji intaneti huhifadhi maendeleo ndani ya kifaa chenyewe. Mtoto aliyetumia kishikwambi namba 4 jana na namba 11 leo ataanza upya leo, na mwenzake wa namba 11 ataonekana amerudi nyuma. Bandika namba nyuma ya kila kifaa kwa gundi isiyobanduka. Kwenye daftari, andika nani anatumia kipi, na ukutani weka orodha hiyohiyo kwa picha, kwa sababu wahusika bado hawasomi. Programu ikiruhusu wasifu kadhaa kwenye kifaa kimoja, tumia picha za wanyama au rangi. Wasifu wako wa majaribio uufute kabla ya watoto kuanza, la sivyo mmoja atauingia na kukuta masomo ya mwisho yako wazi.

Sababu nyingine: mtu amebonyeza "futa data", mtu ameiondoa programu ili kupata nafasi, kifaa kimerejeshwa kwenye hali ya kiwandani. Kama hakuna nakala, hakuna cha kurudisha. Kinga ni daftari: kila Ijumaa, ngazi ya kila mtoto, dakika kumi basi.

Jina kamili na picha ya mtoto visiingie kwenye programu bila sababu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata data ya mtoto, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Programu ikilazimisha namba ya simu ya mzazi, tarehe ya kuzaliwa na mahali mtoto alipo, simama na umwulize mwalimu mkuu kwanza.

Dalili: vishikwambi haviunganishwi na seva ya darasani

Shule nyingine hutumia Kolibri ya shirika la Learning Equality: kompyuta moja inabeba masomo, vishikwambi vinayachukua kupitia Wi-Fi ya chumbani bila intaneti yoyote, na maendeleo yanakaa kwenye kompyuta hiyo. Inatibu tatizo la hapo juu na kuleta yake.

1. Je, kishikwambi kiko kwenye Wi-Fi ya darasa? Android ikiona Wi-Fi haina intaneti huihama kimyakimya. Ikiuliza, chagua kubaki umeunganishwa.
2. Je, anwani ni ileile? Namba kama 192.168.1.5 inaweza kubadilika ruta ikizimwa. Tazama anwani mpya kwenye kompyuta, kisha iombe ruta iipe kompyuta hiyo anwani ya kudumu. Usisahau namba ya mlango baada ya nukta mbili. Ya kawaida ni 8080.
3. Je, kinga ya mtandao ya Windows inazuia? Ikiwa mtandao umewekwa kama wa umma, vifaa vingine haviioni kompyuta. Uweke kuwa wa faragha na uiruhusu Kolibri.
4. Wa kwanza wameingia, wengine wanazunguka tu? Hotspoti ya simu kwa kawaida haibebi zaidi ya vifaa kumi hivi. Ruta ya nyumbani huzidiwa pia video zikianza. Gawanya darasa kwa makundi au tafuta ruta imara zaidi.
5. Uko kwenye mtandao wa wageni? Mara nyingi hutenganisha vifaa visionane kabisa.

Kwa watoto wa darasa la kwanza, zima sharti la nywila kwa wanafunzi. Mtoto anayejifunza herufi "a" hawezi kuandika nywila, na kipindi kitaisha mkiwa bado mlangoni.

Dalili: havichaji, au asubuhi vimeisha

Badilisha waya kwanza, kisha kichwa cha chaja, kisha soketi. Kimoja kimoja, usibadilishe vyote kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu. Waya wa chaji hufa kabla ya kila kitu. Kisha mulika tochi ndani ya tundu la kifaa: pamba ya mfuko na vumbi hujikandika humo. Kifaa kikiwa kimezimwa, kitoe uchafu kwa kijiti cha mbao.

Kama ni umeme wa jua, piga hesabu kabla ya kumlaumu aliyefunga. Kishikwambi chenye betri ya mAh 5,000 hubeba takriban wati-saa 18.5. Ishirini vinakuwa 370, na ukiongeza unaopotea njiani unakaribia 500. Paneli moja ya wati 100 kwenye jua zuri hutoa kati ya 400 na 500 kwa siku. Maana yake paneli hiyo inaishia kwenye vishikwambi, na taa za ofisi zitalala. Chaji nusu ya vifaa leo, nusu kesho, na mchana badala ya usiku. Kuchajia moja kwa moja kutoka kwenye volti 12 kwa chaja za USB kunapoteza umeme kidogo kuliko kupitia inveta.

Kwenye umeme wa gridi, chaja ishirini za wati 10 si mzigo mkubwa. Kinachounguza ni ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, soketi legelege, na vifaa vilivyorundikwa kabatini vikichaji bila hewa. Shika soketi kwa nje baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, ondoa.

Kabla ya likizo ndefu viache na chaji nusu, vimezimwa, mahali pakavu na baridi. Usiviache vimejaa juani dirishani, wala vimeisha kabisa.

Acha kabisa, mwite fundi wa umeme au wa vifaa: kioo kinainuka ukingoni, mgongo umevimba au kifaa kinayumba kikiwekwa mezani, kuna harufu tamu ya kemikali au ya kuungua, soketi imeyeyuka, mtu amepigwa shoti. Betri iliyovimba isichajiwe, isibonyezwe irudi, isitobolewe. Iondoe karibu na watoto, iweke kwenye sakafu ya saruji mbali na karatasi, isubiri fundi. Haitupwi shimo la taka, na haichomwi pamoja na takataka za Ijumaa.

Dalili: anamaliza michezo yote lakini ubaoni hajui

Kifaa ni kizima. Huenda wawili wanatumia kimoja na mwepesi ndiye anayejibu. Huenda programu inakubali jibu la kubahatisha mpaka lipatikane. Huenda ameanzia ngazi isiyo yake. Mwandikie herufi zilezile ubaoni, mbali na rangi na muziki, uone anazozijua, kisha umrudishe kwenye ngazi hiyo. Programu zinazompa mtoto nyota kwa kubonyeza tu hazifai, hata zikiwa za bure na za Kiswahili.

Kabla ya kurejesha hali ya kiwandani

Ni hatua ya mwisho, na ina mlango wa chuma nyuma yake. Baada ya kufutwa, Android huweza kudai akaunti ya Google iliyokuwemo awali. Kama iliwekwa na mfadhili au mtu wa kujitolea aliyekwisha kuondoka, kifaa hakifunguki tena, kinabaki kama kigae. Hakikisha unayo anwani na nywila yake, na umeijaribu kwenye simu, kabla ya kugusa kitufe hicho.

Vifaa ambavyo ni mali ya serikali, vikiwemo vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu, usivifute wala usimpe fundi wa mtaani "avipige flashi". Peleka suala kwa Afisa TEHAMA wa halmashauri. Kwake, au kwa fundi yeyote, usiende na "kimegoma tu". Nenda na karatasi yenye namba ya kifaa, aina yake, toleo la Android, jina na toleo la programu, maneno ya ujumbe wa kosa kama yalivyo, kilichofanyika dakika moja kabla, na hatua ulizokwisha kujaribu. Ukiweza, piga picha ya kioo kwa simu yako kabla ujumbe haujafutika.